Njiti ya Kiberiti

Kavugho hana mashine ya kupimia.
Ana kompresa inayokohoa, beseni la maji ya sabuni,
na kiberiti kilichofungwa kwenye pindo la kitenge,
ingawa sigara havuti.

Kwingine, nasikia, shofa huchomeka sarafu
kwenye mfereji wa pine, akajua siku zilizobaki.
Sisi sarafu hatuna. Faranga zetu ni karatasi,
tena zimechakaa kuliko pine zangu.
Kwa hiyo yeye huchomeka njiti, kichwa chini.
Kichwa chekundu kikizama chote, atakuambia: nenda.
Kikibaki nje, hata nusu, ananyamaza,
na kunyamaza kwake kuna bei.

Nilifika kutoka Ndosho, mvua ndiyo kwanza imepita,
mawe ya volkano yameoshwa, makali yote nje.
Mji huu umejengwa juu ya moto uliopoa;
barabara zake bado zinauma.
Jumamosi nilikuwa na bibi harusi wa kumchukua,
Katindo hadi Kyeshero. Nusu ya malipo nimeshapokea,
nusu hiyo imeshakuwa unga, na karo ya Asifiwe.

"Tia upepo tu," nikasema.

Hakutia. Alizunguka gari,
akapiga goti mbele ya kila pine
kama anayesalimia watoto wanne wa mama mmoja.
Ya mbele kushoto imelika upande wa ndani.
"Usukani wako unavuta. Tangu lini?"
Tangu lile shimo la Mabanga. Sikusema.
Ya mbele kulia, ubavuni, kauvimbe kadogo,
shavu la mtoto anayeficha pipi.
Ya nyuma, nyaya zimeanza kuchungulia.

Nikaikimbilia ya nne. "Hii, basi! Hii ni mpya!"
Nimeinunua Birere, nyeusi ti,
na njiti ilizama hadi shingoni, niliona mwenyewe.
Kavugho akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua:
kikarudi na dawa ya viatu.
Chini yake nyufa, nyembamba, nyingi,
kisigino cha mtu aliyelima maisha yake yote.
Akatafuta namba nne zilizojificha karibu na ringi,
akazisoma kama muuguzi anayesoma kadi ya kliniki:
"Wiki ya thelathini na nne, mwaka elfu mbili na tisa.
Meno inayo. Ngozi imekufa.
Mpira huzeeka hata ukilala sebuleni."

Asifiwe alizaliwa mwaka huohuo, Agosti.
Nimeuziwa kama kichanga kitu cha rika la binti yangu,
na binti yangu amenipita urefu.

"Hadi Jumamosi tu, Kavugho. Ni harusi."
"Bibi harusi anaitwa nani?"
Sikujua.
"Kaulize jina. Ukirudi nalo, nitatia upepo."

Sikwenda kuuliza. Nilikaa juu ya jiwe,
nikahesabu faranga mara mbili, zikagoma kuongezeka.
Nikampigia shemeji. Shemeji akakohoa kama kompresa.
Jioni nikaondoka na pine mbili za fedha taslimu
na mbili zilizoandikwa kwa jina langu
kwenye daftari lenye mafuta ya mikono.
Zile kuukuu alizisukumia ukutani, akakinoa kisu.

Anaitwa Nsimire. Niliuliza siku yenyewe,
akiwa ameshaketi nyuma, shela imejaza kioo changu
hata nisione ninakotoka.

Deni bado ninalo.
Na juzi, barabara ya Kibati, foleni imesimama,
chukudu ikaja kuegemea mlango wangu
na magunia ya kabichi kutoka Kibumba.
Gurudumu lake la mti limevikwa ukanda wa mpira,
misumari saba, na kati ya msumari na msumari,
tatu, nne, sifuri, tisa.
Inashuka milima sasa, bila upepo ndani.
Kijana wa chukudu akaniuliza nacheka nini.